Pua ya Mama Kucha

Wapo watu wanaoambiwa tangu utotoni kwamba ulimi wao utawaponza. Mama Kucha aliambiwa na mama yake, akaambiwa na walimu wake, akaambiwa hata na marehemu mumewe, na hakumsikiliza hata mmoja wao. Mimi namtetea. Ulimi ulimponza kweli, sikatai, lakini ulimi huo huo ndio uliosaidia kumrudisha mwanawe alipokuwa anamponyoka, na nitawaeleza ilivyokuwa. Mnivumilie kidogo tu, maana habari hii ina kemia ndani yake, na kemia mimi niliikimbia shuleni nikiwa na akili zangu timamu.

Saluni yao ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, katikati ya duka la vitambaa na kibanda cha fundi simu. Upande wa kushoto alikaa Msusi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, na viti vyake na vitana vyake. Upande wa kulia ilikuwa meza ya Mama Kucha: taa ya shingo ndefu, vichupa vya rangi, bakuli la maji ya uvuguvugu, pamba, na chupa kubwa ya asetoni. Asetoni ni yale maji ya kutolea rangi ya kucha. Ukifungua kifuniko tu yamekuingia puani, matamu kidogo na makali kidogo, kama tunda lililoiva likapitiliza. Mteja mgeni ilikuwa lazima akohoe. Mama Kucha hakusikia kitu. Miaka yote ile ya kuinamia pamba yenye asetoni ilikuwa imeilaza pua yake, harufu hiyo ikazikalia nyingine zote. Siku moja sufuria iliungua nyumbani kwake akiwa amekaa hapo hapo jikoni, na jirani ndiye aliyekuja kubisha hodi.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa sekondari. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno, na tangu hapo wakawa wawili, mama na binti, chumba kimoja na sahani mbili. Saluni walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Akitoka shule alikaa kwenye kiti cha wateja, akafungua redio yake, basi hakuna tena aliyehitaji redio ile ya ukutani. Aliwaigiza walimu mmoja mmoja, na aliyeigizwa kuliko wote alikuwa mwalimu wa kemia, mwanamume mrefu, mkavu, anayesemea puani na kumaliza kila jambo kwa "Tunaelewana?" Wanafunzi walimwita Kaboni. Chiriku akinyoosha shingo na kusema "Tunaelewana?" wanawake walicheka mpaka Msusi akapinda mistari ya kichwa cha mtu.

Kisha Chiriku akaanza kunyamaza. Hakunyamaza kwa siku moja, alipungua kidogo kidogo. Alifika, akasalimia, akalaza kichwa mezani kati ya vichupa vya rangi. Alikunywa maji, akaenda msalani, akarudi kunywa tena. Akakonda, sketi ya shule ikawa inamvuka, akaibana kwa pini.

"Huyo kapendwa," Msusi alisema. "Mapenzi yanakondesha, nani asiyejua?"

"Mbona wewe hayakukukondesha?" mteja mmoja akamjibu, na chumba kizima kikacheka.

Mama Kucha naye alicheka. Alisema ni mitihani, mtoto anasoma sana, na joto lenyewe hili nani asiyekunywa maji. Moyoni alifurahi hata kidogo kuhusu ile sketi, kwa sababu Chiriku alikuwa akilalamika mwaka mzima kwamba amenenepa. Msimlaumu haraka. Mama ni mama, lakini ana macho mawili tu, na yake yalishinda kwenye vidole vya watu.

Alasiri moja saluni ikiwa imejaa, mwalimu wa kemia akasimama mlangoni. Alisimama kama mtu aliyetumwa chumvi akasahau alichotumwa. Wanawake wakamtambua mara moja, maana walishamwona mara nyingi katika mwili wa Chiriku, wakaanza kubanana mbavu.

"Naomba kuzungumza nawe pembeni, mama," alisema.

"Pembeni ni wapi? Chumba ndicho hiki. Sema hapa hapa, mwalimu, sisi hatufichani."

Mwalimu angemwambia waende nje, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa mtu wa kufuata maelekezo, akasema hapo hapo. "Binti yako ananuka asetoni. Kila siku, darasani. Na amelegea, analala mezani, jicho halina nguvu. Nimefundisha muda mrefu, mama. Nimeshaona vijana wanaovuta gundi na vitu vya namna hii. Naomba umwangalie kabla hajaharibika. Tunaelewana?"

Kikausha nywele kikazimwa. Hata fundi simu kule upande wa pili wa ukuta akaacha kupiga mluzi.

"Hatuelewani!" Mama Kucha alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Hatuelewani hata kidogo! Mwanangu mvuta gundi? Mwanangu? Tazama hapa, baba. Tazama hii chupa. Hii ndiyo iliyomlisha. Hii ndiyo iliyomvisha. Hiyo kemia yako unamfundishia kitabu kilichonunuliwa na maji haya. Ulitaka anuke nini, marashi? Mtoto wa muuza samaki ananuka samaki, wa fundi gereji ananuka oili, na wangu ananuka kazi ya mama yake. Umetoka huko na shingo yako kama bomba la maji, unakuja kututukania watoto mbele ya wateja! Haya, kwaheri. Mlango unaujua, si ndio huo umeuziba?"

Waliocheka walicheka. Mwalimu akageuka, akaondoka. Mama Kucha akaokota kiti chake, akamshika mteja mkono kuendelea.

Hasira ya mtu mwingine ingeishia hapo. Ya Mama Kucha ilikuwa ndiyo kwanza inavaa viatu. Jioni ile alimwita Chiriku, akampigia simu mdogo wake anayekaa mtaa wa pili, akapanga vita.

"Kuanzia leo huingii saluni," alimwambia mtoto. "Hata mlangoni. Utalala kwa mama yako mdogo. Nguo zako zote zitafuliwa upya, za shule, za ndani, mpaka begi. Mimi nikitaka kukuona nitaoga kwanza. Nione huyo Kaboni atanusa nini! Nataka arudi pale pale mlangoni aniombe radhi mbele ya wale wale waliomsikia."

"Mama, sijisikii vizuri," Chiriku alisema.

"Utajisikia vizuri akishaomba radhi."

Maneno hayo yalikuja kumtafuna baadaye kuliko yote aliyomtupia mwalimu. Lakini wakati ule aliyasema huku anakunja nguo, akampa mtoto begi lake, akamsindikiza mpaka kwa mdogo wake.

Mama mdogo alikuwa mtu wa mambo taratibu, mshonaji, nyumba yake ina madirisha makubwa na hewa inapita. Alifua kila kitu kama alivyoagizwa. Kila alipopiga simu alikuwa na neno. Mtoto hali chakula. Mbembeleze, alijibiwa. Mtoto anaamka kunywa maji. Joto hilo. Mtoto anasema tumbo linamuuma, leo katapika. Hapo Mama Kucha akasema wampeleke akapimwe mwisho wa wiki, akishapunguza wateja.

Mwisho wa wiki haukufika. Asubuhi moja Mama Kucha alikuwa amemshika mteja mkono, amemaliza kupaka wa kulia rangi nyekundu, anaingia wa kushoto, simu ikalia. Namba ngeni.

"Mama, ni mwalimu wa kemia."

"Aa! Radhi siku hizi zinaombwa kwa simu?"

"Tuko kwenye gari na binti yako, tunakwenda hospitali. Njoo, mama." Sauti yake haikutokea puani hata kidogo. "Tafadhali, njoo."

Hilo neno tafadhali ndilo lililomvunja. Mtu aliyemtukana hadharani hakuwa na sababu ya kumbembeleza, ila moja. Aliondoka na brashi mkononi, akamwacha mteja na kucha nyekundu mkono mmoja, na mteja yule, Mungu ambariki, ndiye aliyekimbia kumsimamishia gari.

Alimkuta Chiriku kwenye kitanda cha magurudumu, anapumua. Sijui niwaeleze vipi kupumua kule. Kulikuwa kwa haraka na kwa kina, kifua kinapanda chote na kushuka chote, kama mtu aliyekimbizwa mlimani, na huku amelala. Macho yalikuwa wazi nusu na hayakumtambua. Mama Kucha alimwinamia usoni, akamwita, pumzi za mtoto zikampiga shavuni moja baada ya nyingine, na hakusikia harufu yoyote.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, msema haraka. Alisema ni kisukari, sukari imepanda sana, damu imeshaingia asidi, wanamwekea maji na insulini sasa hivi. "Mmemwahi," alisema akiwa anatembea. "Angelala nyumbani leo, kesho tungekuwa tunazungumza mengine." Mlango ukafungwa.

Kwenye korido kulikuwa na benchi refu. Mama Kucha alikaa katikati. Mdogo wake alifika anahema, akakaa ubavuni, akamkamata mkono kwa mikono yake yote miwili na hakumwachia. Mwalimu alikaa upande wa pili, mbali kidogo, koti lake lina chaki mabegani. Walikaa hivyo mpaka Mama Kucha alipomgeukia mwalimu.

"Mwalimu. Umejuaje?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Leo nilikuwa nafundisha kabonili. Ni kaboni na oksijeni walioshikana kwa namna yao. Ukiikuta ndani ya kitu, mara nyingi kitu hicho kina harufu yake. Vanila inayo, mdalasini unao, asetoni inayo. Kwa hiyo nikapitisha vichupa darasani, wanafunzi wapunge kwa mkono, wanuse kwa mbali, watambue. Kilipofika cha asetoni darasa zima likacheka. Wakasema, hii si harufu ya Chiriku? Mtoto akalia. Akasema, 'Mwalimu, mimi silali nyumbani. Niko kwa mama mdogo, nguo zangu zote zimefuliwa, saluni sijatia mguu. Mbona bado mnanisema?'"

Mama mdogo alianza kulia kimya kimya.

"Nilitaka kumwambia anyamaze tuendelee na somo," mwalimu alisema. "Ndipo nikakumbuka jambo ninalowafundisha mimi mwenyewe. Asetoni haikai. Ukiimwaga mezani, kabla hujapata kitambaa imeshapaa. Haiwezi kukaa kwenye sketi siku zote hizo, tena sketi iliyofuliwa. Nikafunga kichupa, nikafungua madirisha, nikamsogelea. Harufu ilikuwa palepale. Ilikuja kila alipopumua."

"Kumbe ilikuwa inatoka ndani," Mama Kucha alisema.

"Inatoka ndani. Mwili ndio unaoitengeneza. Sukari imejaa kwenye damu, lakini insulini ndiyo inayoifungulia mlango iingie, na insulini yake imekwisha. Kwa hiyo mwili una njaa na chakula kiko mbele yake. Unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, ndiyo maana amekonda, na yakichomwa hivyo yanaacha asidi na asetoni." Akaongeza kwa shida, "Nilimdhania vibaya mtoto, mama. Nilikuja kwako na jibu kabla sijauliza swali."

"Wewe ulimdhania mvuta gundi," Mama Kucha alisema. "Mimi nilimdhania mzima."

Nyuma ya mlango ule mashine ililia, ikanyamaza. Mama Kucha hakuweza kuvumilia kuisikiliza. "Endelea kusema, mwalimu. Sema lolote. Hao walioshikana, wameshikanaje?"

Mwalimu akashukuru kupata kazi. "Kaboni ana mikono minne. Oksijeni ana miwili. Kwenye kabonili, oksijeni amemkamata kaboni kwa mikono yake yote miwili. Kama..." Alitafuta mfano huku na huku, akaishia kuonyesha kwa kidevu. "Kama ndugu yako alivyokukamata hapo."

Mama Kucha akautazama mkono wake. Vidole vya mdogo wake vilikuwa vimemzunguka, kucha zimemzama, na hakuwa amehisi maumivu yoyote. "Na ile mikono ya kaboni iliyobaki?"

"Inashika wengine. Anayeshikwa huko ndiye anayeamua kitu kiwe nini."

"Mimi wa kwangu ni mmoja tu," Mama Kucha alisema, "na yuko humo ndani." Akalia, yeye ambaye hakulia hata kwenye msiba wa mumewe, alilia korido nzima ikasikia. Mdogo wake hakumwachia. Mwalimu hakujua la kufanya, akavua koti lake lenye chaki, akamfunika mabegani, na hakuuliza kama wanaelewana.

Waliingizwa wote watatu kumwona siku ya pili mchana. Chiriku alikuwa anapumua kama watu. Midomo imekauka, mkono una mpira wa maji, lakini jicho lilikuwa jicho lake. Alimtazama mama yake, akamtazama mwalimu aliyesimama nyuma na mfuko wa machungwa ambayo nesi alikuwa ameshamwambia ayarudishe nyumbani kwa sasa.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kashaomba radhi?"

Nesi hakuelewa kwa nini wale watu wazima watatu walicheka na kulia kwa wakati mmoja. Mama Kucha alipiga magoti kando ya kitanda, akaubusu ule mkono wenye sindano, akasema asante Mungu, asante Mungu, mpaka nesi akamwomba asogee kidogo apate kupima.

Sasa sikilizeni tabia ya mwanamke huyu. Mtoto aliporuhusiwa, watu walimshauri ampelekee mwalimu zawadi nyumbani kwake, kimya kimya, yaishe. Akakataa. "Tusi nilimpa mbele ya watu," alisema. "Shukrani nikampe gizani? Shukrani ya punda mateke, na mateke nilishatoa." Akawaalika saluni wale wale waliocheka siku ile, mmoja mmoja, na fundi simu juu, maana naye alisikia.

Mwalimu akaja, akasimama mlangoni tena, safari hii hakuna aliyebana mbavu. Mama Kucha alikuwa ameandaa hotuba ndefu, alikuwa ameisema mbele ya kioo cha Msusi asubuhi nzima. Alisimama. "Mwalimu," alisema, "mimi nilikutukana hapa." Hotuba ikapotea yote. Mwanamke aliyekuwa na neno kwa kila mtu akatafuta neno na hakulipata. Akaenda akamshika mwalimu mikono yote miwili, akaitingisha, akaitingisha, akasema, "Ninaye. Bado ninaye. Asante." Msusi akageukia ukuta.

"Lakini mama," mwalimu alisema, masikio yamemwiva, "jaribio ulilifanya wewe."

"Jaribio gani?"

"Ukitaka kujua jambo, unaondoa kile kinachokuchanganya, kisha unaangalia kinachobaki. Wewe ulimwondoa mtoto saluni. Ungemwacha hapa, mimi ningesema ni saluni mpaka leo, na wewe ungesema ni saluni, na sote tungekuwa na sababu."

"Mwalimu, mimi nilifanya kwa hasira! Nilitaka ukome!"

"Kemia haiulizi ulikuwa na hasira au la," alisema Kaboni, na kicheko kilichopigwa humo ndani kiliwatoa watu wa duka la vitambaa.

Basi wengine mngeishia hapo, mkala keki, mkaenda zenu. Mama Kucha hakuweza, kwa sababu ya neno moja alilolisema nesi siku ya kutoka. Aliwafundisha sindano, akawafundisha kipimo cha sukari na vijiti vya kupimia mkojo, akamaliza, "Na ile harufu ya tunda ikirudi mdomoni, usingoje, mlete." Mama Kucha akaitikia kwa kichwa. Alipofika kwenye meza yake alilowesha pamba kwa asetoni, akaisogeza puani. Hakusikia kitu. Akaisogeza mpaka machozi yakamtoka, na bado pua ilikuwa kama ya sanamu. Akaogopa kuliko alivyoogopa kule korido. Kule kulikuwa na daktari. Nyumbani usingizini yuko yeye tu, na mtoto anaweza kumpotea tena shavu kwa shavu.

"Kipimo si kipo?" Msusi alimwambia.

"Kipimo kipo na nitakitumia kila siku. Lakini mimi nilimwinamia mwanangu anakufa, nikavuta pumzi zake, na sikujua. Pua hii naitaka."

Akamwuliza mwalimu pua ikilala inaamshwaje. Mwalimu alisema hajui kwa hakika, yeye si daktari wa pua, ila kwa kawaida pua iliyozoea kitu husahau mazoea yake ikitengwa nacho. Akashauri atumie maji ya aina nyingine ya kutolea rangi, yasiyo na asetoni. Hayo nayo yana kabonili, alisema, ila kaboni wake ameshika wengine, kwa hiyo harufu si ile. Mama Kucha hakutaka ndugu wala jamaa wa asetoni. Alichukua meza yake, taa yake, vichupa vyake na ile chupa kubwa, akavitoa nje barazani upepo unakopita, akamkabidhi Msusi. Yeye akaingia kwenye nywele.

Jamani. Mama Kucha kwenye nywele! Kwenye kucha alikuwa bingwa, watu walivuka mtaa kumfuata, na sasa alikuwa anasuka mistari inayokwenda kama mlevi anayetafuta nyumba. Alimchoma mtu sikio kwa pasi ya nywele. Wateja walimtania, "Mama Kucha bila kucha, tukuite nani?" Naye akawajibu, "Niiteni mama yake Chiriku, inanitosha," na wakarudi wiki iliyofuata kukaa chini ya mikono yake mibovu. Wengine, najua mimi, walifumua wakifika nyumbani wakasuka upya kwa ndugu zao, na hawakumwambia mpaka leo. Alishukuru kwa hao pia bila kujua.

Chiriku alianza kunenepa, akaanza kujichoma sindano mwenyewe, akaanza kusema. Na kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, mama yake alimwinamia. "Nipumulie." Mtoto alimpulizia, haa, nusu usingizi. Mama Kucha alivuta, akangoja, akapata patupu. Haikuwa harufu mbaya wala nzuri, ilikuwa patupu. Alikichukua kipimo, kipimo kikasema salama, akakishukuru, lakini hofu alikwenda nayo kazini.

Siku moja alisikia nywele zikiungua, kwa mara ya kwanza aliisikia harufu kabla ya kuona moshi. Siku nyingine taulo lenye unyevu. Kisha mchana mmoja alitoka barazani kumwita Msusi, Msusi alikuwa anafungua chupa, na kile kitu kikampiga usoni. Mama Kucha akashika mhimili wa baraza. Kumbe ni kali hivi! Kumbe ni tamu na kali hivi, na mwanangu alilaza kichwa mezani kwangu, anaitoa kila pumzi, na mimi nimeshika kidole cha mtu! Msusi alimkalisha, akampa maji, akamwambia alie tu, hapa barazani upepo upo.

Usiku ule hakulala vizuri, asubuhi aliamka mapema, akakaa ukingoni mwa kitanda akingoja. Chiriku akajigeuza, akafumbua jicho moja.

"Nipumulie," mama yake alisema.

"Haa."

Mama Kucha akarudi nyuma kwa kishindo. "Ee Mungu wangu! Mdomo huo!"

"Mama!"

"Unanuka! Unanuka mdomo, wewe mtoto, mdomo wa mtu aliyekula vitunguu akalala bila kupiga mswaki!" Alikuwa amemkamata mabega, machozi yanamshuka mpaka kidevuni, anacheka. "Vitunguu, mwanangu. Vitunguu na usingizi, hakuna kingine. Hakuna kingine kabisa."

"Basi niache nikapige mswaki," Chiriku alisema, ameziba mdomo kwa aibu.

Mama yake akauondoa ule mkono mdomoni, taratibu, akausogeza uso wake karibu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Pumua tena."